Koneksheni sina: namna ya kuwa HR wa mashirika ya misaada ukianzia Nyanda za Juu Kusini

Vyuo vikifunga tu, simu yangu inajaa CV. Zinatoka Mzumbe Ndaki ya Mbeya, TIA, Chuo Kikuu cha Iringa, Ruaha. Nyingi zimefanana: malengo ya maisha mistari minne, digrii ya rasilimali watu, fildi ya wiki chache halmashauri, halafu ujumbe chini yake: "Shikamoo dada, naomba koneksheni ya UN."

Koneksheni sina. Ninachokijua ni kuajiri, kulipa, kupeleka watu likizo na kuwaachisha kazi kwenye mashirika ya misaada, kuanzia Kibondo mpaka Sudan Kusini, na sasa nimerudi kuishi Mbeya. Njia niliyopita haijafungwa. Imekuwa nyembamba tu, nitaeleza mbele kwa nini.

Kabla ya yote, ujue kazi yenyewe. Ukitaka kugawa mablanketi, nenda upande wa programu. HR, yaani mtu wa rasilimali watu, hagawi blanketi. HR anahakikisha anayegawa ana mkataba uliosainiwa, bima inayofanya kazi hata porini, mshahara unaoingia tarehe ileile kila mwezi, na kwamba akimdhuru mtoto wa mkimbizi hatahamishiwa kimyakimya kambi nyingine. Tofauti kubwa na kampuni ya kawaida ni fedha. Fedha ni ya mfadhili, ina tarehe ya mwisho, na kila saa ya mfanyakazi inaandikwa kwenye taimshiti kwamba imelipwa na mradi upi. Mtu mmoja anaweza kulipwa na miradi mitatu. Mkaguzi akija, anaanza na faili lako.

Anza palipo na watu wengi na mishahara midogo

Mimi ni Mkinga wa Makete. Ndugu zangu karibu wote wana maduka, Mwanjelwa au Kariakoo; mimi ndiye niliyepotea nikaenda kuajiriwa. Kazi ya kwanza niliipata kwenye ofisi ya utumishi ya shamba la chai Mufindi, karani tu. Mvua zikianza chai inachipua kwa fujo, shamba linataka wachumaji wengi, na linawataka kesho asubuhi. Wanashuka kwenye malori kutoka Makete na Ludewa, wengine na mtoto mgongoni. Kila mmoja unamwandikisha: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, umri (wapo wa miaka 15 wanaoapa kuwa wana 19), namba ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), mtu wa kupigiwa simu akiumia, na dole gumba kwenye mkataba ambao amesomewa na kuuelewa. Jioni meneja wa shamba anataka orodha kamili.

Baadaye nilipofika Kibondo, mwaka 2016, wakimbizi wa Burundi walikuwa bado wanavuka mpaka, na shirika lilitaka walinzi, wahudumu wa usafi, madereva na wauguzi kwa mpigo mmoja. Wenzangu waliotoka benki na kampuni za simu Dar walihangaika. Mimi niliona msimu wa chai umefika.

Kwa hiyo usikae nyumbani unasubiri tangazo lenye nembo ya bluu ya UN. Hapa kwetu kuna mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, parachichi za Njombe, viwanda vya mbao Mafinga, migodi ya Chunya, hospitali za misheni kama Ilembula na Igogwe. Omba kazi ya chini kabisa kwenye ofisi ya utumishi, hata ya kupanga mafaili. Na kwa kuwa Njombe, Iringa na Mbeya ndizo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, miradi ya afya imekuwepo huku kwa miaka mingi, mikubwa na midogo. Huko utakutana na taimshiti, mfadhili na ukaguzi ukiwa bado unalala kwenu.

Mlango mwingine ni kujitolea Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, ambacho kipo kwa sheria ya Bunge tangu 1962 na kina matawi mikoani. Kyela hufurika, na Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifunika nyumba Itezi, hapahapa jijini. Siku kama hizo kila kijana anataka kuonekana na koleo. Wewe omba daftari. Nani amefika, nani amefundishwa huduma ya kwanza, nani yupo tangu alfajiri na hajala, nani apumzishwe, nani ameumia na ameandikiwa wapi. Ukilishika daftari hilo mpaka mwisho wa zoezi, una uzoefu wa HR kwenye dharura, na unaweza kuuandika kwenye CV bila kudanganya.

Sheria kwanza

Vijana wengi wananiuliza wasome kozi gani ya kimataifa. Nawaambia wasome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kisha Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali (GN) Na. 42 la 2007. Sheria za kazi zimerekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni 2025, kwa hiyo usitumie ile fotokopi ya dada yako aliyemaliza zamani. Shirika la kimataifa lina sera nzuri zilizoandikwa Geneva au New York, lakini dereva wake akifukuzwa vibaya Mbeya, kesi inakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mlalamikaji wa kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kuifungua. Bosi mgeni hayajui hayo. Anayejua ni wewe, na hapo ndipo thamani yako inapoanzia.

Kuna mambo ya kuyajua kama jina lako. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo. Uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mchango wa NSSF kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na usipomkata, adhabu inakurudia wewe mwajiri.

Halafu jizoeze hesabu kwa mkono. Chukua mlinzi wa ofisi ya mradi. Mshahara wa msingi shilingi 390,000 kwa mwezi, kazi siku sita kwa wiki, amefanya miaka mitatu na miezi minne, na mfadhili amekata mradi kabla mkataba wa mlinzi haujaisha. Gawa 390,000 kwa 26: siku moja ni 15,000. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Kwa hiyo 15,000 mara 7 mara 3, ni 315,000. Ile miezi minne haimo. Juu yake weka notisi ya siku 28 au malipo badala ya notisi, likizo ambayo hajaichukua, usafiri wa kumrudisha mahali alipoajiriwa kama ulimtoa mbali, na cheti cha utumishi. Kama mkataba ungeisha wenyewe kwa tarehe yake, hiyo 315,000 isingedaiwa, labda mkataba uwe umeiahidi. Usaili wa HR wa kweli unakuwekea karatasi ya namna hii mezani na kalamu. Nimeona wenye shahada ya uzamili wanaikimbia.

Hukumu za Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Soma mbili kila wiki. Ni ndefu, lugha yake ngumu, lakini utaona jinsi waajiri wanavyoshindwa: mara nyingi sababu ya kumfukuza mtu ilikuwepo, ila utaratibu haukufuatwa, au ulifuatwa na hakuna karatasi inayoonyesha.

Jambo moja zaidi kuhusu wageni. Kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya 2015 ya ajira za wasio raia, kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji, na shirika linatakiwa kuonyesha mpango wa Mtanzania kurithi nafasi ile. Mgeni asianze kazi kwa viza ya matembezi, hata mkurugenzi akikupigia saa nne usiku kusema hali ni ya dharura.

CV

Hapa sikai sana. Itaandikwa kwa Kiingereza, kurasa mbili, bila picha, bila dini, bila majina ya wazazi. Toa malengo ya maisha. Badala ya kusema ulihusika na masuala ya ajira, sema uliandikisha vibarua wangapi, kwa muda gani, na kwamba wote walikuwa na mikataba kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Badala ya kusema una uwezo wa kufanya kazi kwenye presha, taja mwezi ambao mtandao wa benki uligoma na mishahara ikaingia kwa wakati, na ulifanyaje. Usaili wa mashirika haya unadai mifano ya namna hiyohiyo: hali ilikuwaje, wewe ulifanya nini, ikaishaje. Sema "nilifanya", acha "tulifanya". Sisi watu wa huku tumelelewa tusijisifu, na kwenye usaili adabu hiyo inatugharimu.

Kibondo, Kasulu, na tangazo linalosema "kutegemea upatikanaji wa fedha"

Ukishakuwa na miaka miwili mitatu ya mikataba na mishahara, omba kituo ambacho wenzako wa Dar hawakitaki. Kwa Tanzania maana yake Kigoma. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, ilipofunguliwa kwa Wakongo. Nduta, wilaya ya Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021. Kutoka Mbeya unapita Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, Uvinza. Utaikumbuka baridi ya Mufindi, utauzoea ugali wa muhogo, na migebuka itakufariji.

Kwa nini huko? Kwa sababu HR wa Dar anakaa na makaratasi na HR wa kambini anakaa na watu. Asubuhi unapokea daktari mpya ambaye hajawahi kulala kwenye kontena. Mchana unamweleza msimamizi wa maji kwamba vijana wake wanafanya kazi saa nyingi kuliko sheria inavyoruhusu. Jioni kuna mtu amepata taarifa ya msiba Tukuyu na gari la kesho limejaa. Kuna pia kundi ambalo kampuni za kawaida hazina: wakimbizi wenyewe wanaofanya kazi kambini. Hawa hulipwa posho ya motisha, si mshahara, na viwango hupangwa kwa pamoja na mashirika yote ili moja lisiwanyang'anye wengine watu. Mkimbizi muuguzi na Mtanzania muuguzi wanakaa wodi moja, kazi ileile, malipo mbali kabisa. Watakuuliza kwa nini. Uwe na jibu la kweli, na uwe tayari kulirudia kwa upole kila mwezi. Mimi sijawahi kuupenda utaratibu huo, lakini kuwaficha watu wasiujue ni kubaya zaidi.

Ukisoma tangazo, angalia kituo cha kazi kabla ya mshahara. Angalia urefu wa mkataba na mfadhili gani anaulipia. Kwa UN, ngazi za G na NO ni za wanaoajiriwa ndani ya nchi, P ni za kimataifa. Usipoteze usiku mzima kuomba P-4 na uzoefu wa miaka miwili. Na tangazo lolote linaloomba hela ya fomu, ya vipimo au ya "kuharakisha", hata liwe na nembo ya nani, ni wizi. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Mbeya yanazunguka kila wiki.

Mdhamini, viazi na kukataa

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo HR wa misaada anapotofautiana na HR wa duka la jumla.

Februari 2018 magazeti ya Uingereza yalifichua kwamba wafanyakazi wa shirika la misaada la Oxfam waliokuwa Haiti baada ya tetemeko la 2010 walinunua ngono, na baadhi yao waliondoka kimya wakapata kazi kwenye mashirika mengine. Lilikuwa tatizo la HR tangu mwanzo: aliyeulizwa hakusema, na mara nyingine hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata mashirika yakaanzisha mpango wa kuulizana rasmi. Anayeajiri anawaandikia waajiri wote wa mwombaji kwa miaka mitano iliyopita, akiuliza kama kuna kosa la unyanyasaji wa kingono lililothibitika au uchunguzi uliokuwa unaendelea, na waliojiunga wameahidi kujibu. Ukifika kwenye usaili ukaueleza mpango huo kwa maneno yako, wataacha kuandika na kukutazama.

Sasa uje kwenye hali yetu. CV ya dereva ina wadhamini watatu, na wawili ni wajomba. Unapiga simu:

"Shikamoo mzee. Napiga kutoka ofisi ya utumishi, kuhusu kijana aliyekuwa dereva wako."

"Marahaba mwanangu. Huyo hana shida kabisa, mpeni kazi."

"Asante mzee. Alianza lini na akaondoka lini?"

"Aa, tarehe hizo sijazishika."

"Na aliondoka kwa sababu gani?"

"Mwanangu, vijana si unawajua. Wewe mpe tu, familia inamtegemea."

Mzee hajadanganya. Amemwombea kijana riziki, kama mzee yeyote mwema angefanya, lakini maswali yako yote mawili bado yapo. Kwa hiyo simu ya mkononi iliyoandikwa kwenye CV isiwe ndiyo uthibitisho wako. Tafuta mwenyewe namba ya ofisi au barua pepe rasmi ya shirika, mwandikie mwenzako wa HR, uliza tarehe, cheo, sababu ya kuondoka, na kama kuna shauri la nidhamu. Jibu liingie kwenye faili. Asipojibu, andika kwamba ulimwuliza tarehe fulani na hakujibu, kisha mwambie anayeajiri kwa maandishi. Usijaze pengo kwa matumaini.

Kanuni zenyewe za kuzuia unyanyasaji zilipitishwa na kamati ya pamoja ya mashirika, IASC, mwaka 2002, na Katibu Mkuu wa UN akatoa waraka wake 2003. Utazifundisha mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Moja inazua ubishi kila nikiisoma mbele ya madereva na walinzi: hakuna uhusiano wa kimapenzi na mtu aliye chini ya miaka 18, bila kujali sheria ya nchi inasemaje, na kusema "nilidhani ni mkubwa" si utetezi. Watakutajia Sheria ya Ndoa ya 1971 na umri wake wa kuolewa. Wajibu kwamba hapa hatuzungumzii ndoa, tunazungumzia mkataba wao wa kazi. Miaka 18 ndiyo waliyoisaini. Nyingine inakataza kutoa fedha, kazi au msaada ili upate ngono. Malalamiko yakija, wewe si mpelelezi. Pokea, hakikisha aliyeumia yupo salama, peleka kwa aliyepangiwa kupokea, funga mdomo. Usiandike jina la mtu yeyote kwenye WhatsApp, hata kwenye grupu la wakuu.

Kisha kuna hili ambalo halimo kwenye kozi yoyote. Tumetangaza nafasi, jina langu linajulikana mtaani Uyole, na jioni mama mmoja anafika getini na debe la viazi. Mwanawe ameomba. Hasemi kitu kuhusu kazi, anasema amenikumbuka tu. Kukataa viazi vya mama wa watu huku kwetu ni tusi, kuvipokea ni mwisho wa usaili ule. Nilimkaribisha ndani, nikampa chai, nikamwambia: "Mama, viazi vyako nimeviona na nimeshukuru. Mwanao ameomba kwetu, na nikivipokea leo, akipata watu watasema alinunua. Rudi navyo, majibu yakitoka nitakuja kununua gunia kwako." Alininunia kidogo. Kesho yake nilimwandikia meneja wangu mistari miwili kwamba nimetembelewa, nani, na nimejibu nini. Mistari hiyo miwili ndiyo iliyonikinga pale mtu alipokwenda kunong'ona ofisini.

Bosi naye ana debe lake la viazi, ila la kwake linaitwa "tunamhitaji haraka". Dawa yake ni kuandaa maswali na alama kabla hujaona jina la mwombaji yeyote, kila aliye kwenye jopo ajaze karatasi yake peke yake, na mwenye undugu, urafiki au deni na mwombaji aseme na atoke. Kwenye mji ambao kila mtu ni shemeji wa mtu, usiulize kama kuna undugu. Uliza ni undugu gani.

Kuvuka mpaka

Watu wa huku hatujui kwamba lugha yetu ni mtaji. Goma, Bukavu, Bunia, huko kote Kiswahili ni lugha ya kazi ya kila siku, na HR anayeweza kumsikiliza mlinzi na fundi bila mkalimani anatafutwa. Ongeza Kifaransa na umeifungua Kongo yote, Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kama una umri wa kati ya miaka 18 na 26, angalia nafasi za vijana za UNV, wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa. Kuanzia 27 unaingia kundi la wataalamu. Wanalipa posho ya kuishi, si mshahara wa kutisha, lakini ni njia ya kweli ya kuvuka. Matangazo mengine yafuate kwenye tovuti ya ReliefWeb. Kozi za bure zipo kwenye tovuti zinazoitwa Kaya na DisasterReady, na mafunzo ya usalama ya UN yanaitwa BSAFE. Chukua chache, zimalize. Vyeti 30 vya saa moja moja havimshangazi mtu.

Kabla hujasaini kwenda mahali pa hatari, soma kesi ya Steve Dennis. Juni 2012 alitekwa akiwa na wafanyakazi wenzake wa Norwegian Refugee Council huko Dadaab, Kenya. Waliokolewa baada ya siku chache, lakini dereva Mkenya aliuawa. Novemba 2015 mahakama ya Oslo ikaamua kwamba shirika lilifanya uzembe mkubwa. Tangu hapo HR wa kila shirika anaijua kesi hiyo, au anapaswa kuijua. Mimi nikiisoma namfikiria zaidi yule dereva, mwajiriwa wa nchini, kwa sababu ndiye mtu wa aina ninayemwajiri kila siku. Kwa hiyo uliza kwa ajili yako, na siku ukiwa mezani upande wa pili uliza kwa ajili yao: bima ya maisha inalipa kiasi gani na kwa nani? Ndege ya kumtoa mgonjwa inamhusu mwajiriwa wa nchini au wageni tu? Mapumziko ya lazima ni baada ya wiki ngapi? Nani anapiga simu nyumbani jambo likitokea, na namba anayo?

Uliza pia kuhusu familia. Vituo vingi vya namna hiyo haviruhusu mume, mke wala watoto. Zungumza na mwenzako kabla ya usaili, siyo baada ya kupata barua.

Hali ilivyo sasa

Nisikudanganye. Januari 20, 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Miradi ya VVU iliyokuwa inaajiri watu wetu kutoka Mbeya mpaka Njombe ilitikisika, na watu wa HR ndio walioandika barua za kuwaachisha wenzao kisha wakajiandikia za kwao. Nafasi zimepungua, na watu wenye uzoefu mkubwa sasa wanaomba kazi za ngazi yako. Ndiyo maana nasisitiza chai, mbao, hospitali na sheria. Aliyeshika hesabu za mishahara na utaratibu wa kupunguza wafanyakazi anaajirika kiwandani Mafinga leo na kambini mwakani. Anayejua lugha ya miradi tu hana pa kushika. Na kupunguza watu kwa haki, kwa taarifa, kwa kuwashauri kabla ya uamuzi, kwa malipo kamili siku ya mwisho, ni ujuzi ambao mwaka ule ulitafutwa kuliko kuajiri.

Mwisho ni makaratasi, kwa sababu ofa za dharura hutoa saa chache. Pasipoti iwe mkononi, si "naifuatilia". Ada yake ni 150,000 na ofisi ya Uhamiaji ipo hapahapa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA na vyeti vya shule viwe na majina yanayofanana na NIDA, maana herufi moja ya tofauti inaweza kukukosesha ndege. Kadi ya homa ya manjano. Wadhamini watatu waliokusimamia kazini, uliowaomba ruhusa, wanaojibu barua pepe. Kila kitu kiwe kimeskaniwa na kipo kwenye simu na kwenye barua pepe yako.

CV iwe PDF. Jina la faili liwe jina lako kamili na kazi unayoomba. Juzi nimepokea nyingine inayoitwa "CV mpya ya mwisho kabisa 4", na sijaweza kujua ni ya nani.